Shemeji Anayesubiri Kuitwa

Shemeji yangu Ferdinand hajawahi kununua kitu kwa bei yake. Si kiatu, si sabuni, si hata jeneza la mama yake mzazi, ambalo alilitolea kasoro mbele ya wafiwa mpaka fundi akapunguza ili msiba uendelee. Kwenye mnada wa mavuno kanisani, ambapo watu wanapandisha bei ya jogoo kwa utukufu wa Mungu, yeye anashusha. Ukimkuta mtaani kwetu Chapwa amevaa shati jipya usimsifie, maana atakusimamisha juani akueleze lilianzia wapi, yeye alitaja ngapi, muuzaji alilia vipi, na mwisho likaangukia kiasi gani. Shati lenyewe linambana kwapani, mkono hauinuki. Ila bei, jamani, bei inamkaa vizuri sana.

Naitwa Nesta. Mdogo wangu Violet ndiye mke wake, kwa hiyo haya nayasema kama mtu wa ndani, na sina wasiwasi, kwa sababu Ferdinand mwenyewe anajua kwamba simpendi. Sikuanza jana. Nilianza siku aliyokuja kwetu Hasamba kutoa mahari.

Kwetu bwana harusi siku hiyo anakaa kimya kama mtu anayeumwa jino, mshenga ndiye anayesema. Wazee wakataja ng'ombe, mshenga akaomba wapunguziwe, wazee wakapunguza, mambo yakawa yanakwenda kwa adabu. Mara Ferdinand akasimama mwenyewe. Akasema, kwa sauti ambayo sisi wanawake jikoni tuliisikia vizuri, kwamba kwa bei hiyo heri wakajaribu Igamba, wasichana hata huko wapo. Akachukua kofia yake akatoka. Wala hakutoka kwa hasira. Alitoka polepole, anakagua mibuni ya baba kushoto na kulia, kama mteja anayempa muuzaji nafasi ya kufikiri vizuri. Alipofika mwisho wa shamba, baba yetu, Mzee Nathanaeli, Mungu amrehemu, akatuma mtu amwite. Ng'ombe wawili wakapungua pale pale. Violet alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza kama wamemwita, nikamwambia wamemwita, akaendelea kupepeta.

Tangu siku ile Ferdinand anaamini dunia imeumbwa na sheria moja tu: ondoka polepole, utaitwa. Na kusema kweli mji wetu umemlea vibaya katika hilo. Tunduma bei inakaa mahali, haikai kwenye kitu. Sukari upande huu ina bei yake, ukivuka barabara ukaingia Nakonde, Zambia, ina bei nyingine, na mwezi ujao zimegeuziana. Mtoto wa hapa anajua kuvuka kabla hajajua kuhesabu. Ferdinand anavuka kufuata sabuni, anavuka kufuata unga, anavuka hata kunyoa, eti kinyozi wa Nakonde ana bei nzuri. Anarudi na kichwa kina ngazi, lakini anarudi anacheka.

Baba alipokuwa hai alimpa Violet kiwanja hapo Chapwa, kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka. Violet akajenga chumba kimoja kizuri, na pembeni yake akaweka majiko anapikia madereva wali, maharage na samaki. Ferdinand akakiomba kile chumba afungue gemu. Akaleta kompyuta tatu za mtumba, zote alizivusha kutoka ng'ambo, kila moja na ugonjwa wake. Biashara haikuwa mbaya mwanzoni. Dereva aliyekaa foleni siku nyingi ameshasoma kila bango na ameshapiga simu kwa kila mtu anayempenda, ukimwonyesha mlango wenye kelele ndani anaingia.

Bei hakuandika mahali popote. Bei alikuwa anaisoma kwenye viatu vyako. Kijana wa Chapwa mwenye kandambili alikuwa na bei yake. Mkulima wa Igamba aliyeleta mahindi mjini, macho bado yanashangaa magari, alikuwa na bei nyingine. Dereva wa Kongo mwenye kiatu cha ngozi kilichochongoka, huyo kwa saa moja alikuwa analipa kama anainunua ile kompyuta aende nayo Lubumbashi. Nilipomuuliza kama haoni aibu, alinijibu bila kupepesa macho kwamba kila mtu ana bei yake, shemeji, na kazi ya mfanyabiashara ni kuijua. Neno hilo nililiweka.

Kilichomshinda ni michezo yenyewe. Kwanza alinunua flashi sokoni imejaa gemu za wizi, ikaja na virusi, kompyuta moja ikafa wiki hiyo hiyo akaizindua kwa maombi. Kisha binti yao Angel, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni Mbeya, akamwekea gemu za duka moja kubwa la mtandaoni. Zile zilikuwa halali, lakini zina kufuli. Kila ukiwasha mashine, mchezo unakwenda kwanza kumuuliza mwenye duka huko mtandaoni kama kweli wewe ni wewe. Sasa mtandao wa Tunduma unaujua. Mnara wa Zambia unaivuta simu kule, wa kwetu unaivuta huku, simu yenyewe haijui iko nchi gani. Dereva ameshalipa, amekaa, amenyoosha shingo, anaangalia kaduara kanazunguka kwenye kioo. Edson, dereva wa Kizambia mtu wa Kapiri ambaye kila safari anakula kwa Violet, alisema ametoka kwenye foleni moja kuja kulipia foleni nyingine. Wakaanza kupungua, wakaisha.

Violet aliyaona yote hayo kutoka kwenye sufuria zake. Siku moja akaweka mwiko chini, akamwita mumewe, na mimi akaniambia nisiondoke. Akasema ikifika Sabasaba chumba hakijajaa watu, kompyuta zinatoka, anaweka meza za kulia wali.

"Chumba ni cha baba yangu, Baba Angel," akamwambia. "Wewe nilikuazima."

Ferdinand alicheka, lakini kwa meno ya mbele tu. Alijua. Chumba kikiondoka, anabaki mwanaume anayelishwa wali wa mkewe wenye kupimwa kwa kijiko, na hao vijana anaowasimulia bei za mashati wangekuwa wanamsimulia yeye. Usiku haukupita hajampigia Angel simu.

Angel akaja likizo na habari njema. Akasema lipo duka lingine huko mtandaoni, hilo linauza gemu zisizo na kufuli. Ukishanunua, unapakua faili, basi, ni lako. Haliulizi mtu, halihitaji mtandao, unaliweka kwenye flashi unaifungia kabatini, na hata duka lenyewe likifa kesho wewe unaendelea kucheza. Na kwenye duka hilo ulikuwepo mchezo wa malori ambao madereva walikuwa wanauulizia kila siku: unaendesha lori milimani, unapakia mzigo, unavuka mipaka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu ametoka Dar es Salaam anaendesha lori, amekwama kwenye foleni siku chungu nzima, anashuka kwenye lori anakwenda kulipa hela aendeshe lori la uongo. Edson akanijibu kwa upole kwamba dada, katika lile la uongo mpaka unafunguka.

Ferdinand hakucheka. Yeye alikuwa amekwama kwenye kufuli. Alimuuliza Angel mara kadhaa kama kweli hakuna kufuli, na kama hakuna, wanazuiaje watu wasinakili wakauziana mtaani. Angel akasema hawazuii, wanakuomba tu usifanye hivyo, wanakuamini. Hapo ndipo mwanaume alipocheka mpaka akakohoa. Huyu ni mtu aliyefunga pedi zake za kuchezea kwenye mguu wa meza kwa waya wa seng'enge. Akafuta machozi, akasema muuzaji anayewaamini watu asiowajua ni mjinga, na muuzaji mjinga ni wa kushusha bei mpaka alie.

Kisha akaiona bei. Dola ishirini, na Angel akamwambia ukiigeuza kwa shilingi ndiyo hiyo, hakuna wa kuongea naye.

Binti akajaribu kumweleza taratibu. Akasema lile duka linapanga bei kwa nchi. Zipo nchi ambazo watu wake mifuko ni myepesi, wamewapunguzia sana, mchezo ule ule wanaupata karibu nusu. Lakini ili upunguziwe lazima kwanza mtu akukumbuke. Sisi hatukukumbukwa. Hatukuwekwa kwenye orodha ya matajiri wala ya maskini, tukaachwa kwenye kapu la waliobaki, na kapu hilo linalipa dola kamili kama Mmarekani.

Ferdinand alisimama, akakaa, akasimama tena. Yaani yeye, mtoto wa Chapwa, ambaye hata Mchina wa vyombo pale sokoni anamwogopa, analipa sawa na Mmarekani mwenye nyumba ya ghorofa na mbwa anayelala kitandani. Akasema huo ni wizi wa mchana. Akasema wametuangalia sura. Basi nami nikaona saa imefika, nikamrudishia neno lake, kwamba kila mtu ana bei yake, shemeji, na kazi ya mfanyabiashara ni kuijua. Akaniambia ile yake ni biashara, hii ni dharau. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walishamaliza. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpa heshima ya Kimarekani, na siku alipopewa akaikataa kwa matusi.

Sasa mtu wa kawaida hapo ananunua au anaacha. Mtu wa Tunduma anavuka.

Asubuhi moja nikamwona anatoka na kompyuta ya mapakato ya Angel ameitia kwenye kiroba, juu yake ameweka kabichi. Nilimuuliza kabichi za nini, akasema mazoea ya kuvusha. Hadithi nzima aliisimulia binamu yake Rubeni, anayeishi Nakonde, na Rubeni hana sababu ya kusema uongo. Ferdinand alivuka, akanunua laini ya Zambia, akaingia nyumbani kwa Rubeni, akatoa kabichi akampa kama zawadi, akafungua kompyuta. Dola ishirini. Akasema labda bado tuko karibu sana na mpaka, bei haijabadilika. Wakatembea na kompyuta ikiwa imefunguka, ameibeba mikononi kama sahani ya moto, wakaenda mpaka wanakokoboa mahindi, akaangalia, dola ishirini. Wakapanda kilima. Dola ishirini. Rubeni akamwambia ndugu yangu, huo ndio mutengo, ndiyo bei yenyewe, hata sisi huku hatukukumbukwa. Alirudi jioni. Bei ilikuwa imemfuata hadi nchi ya pili na haikubadilika hata senti, jambo ambalo halijawahi kumtokea mtu wa Chapwa.

Lakini hakukata tamaa, alibaki na silaha yake kubwa. Akamwambia Angel auweke ule mchezo kwenye kikapu cha duka, halafu asilipe. Afunge tu. Angel akauliza kwa nini. Akasema tunaondoka polepole.

Nilimsikia kwa masikio yangu na nikaangalia upande wa majiko. Violet alikuwa anageuza samaki. Hakuinua kichwa.

Sasa sikia maajabu. Siku chache baadaye barua pepe ikaja. Angel akaisoma: umeacha kitu kwenye kikapu chako, na kwa muda mfupi tunakupunguzia kidogo. Haki ya nani, nilidhani Ferdinand ameshinda ubunge. Alitoka barabarani na simu juu, anamwonyesha fundi baiskeli, anamwonyesha muuza vocha, anamwonyesha Edson aliyekuwa na tonge mdomoni. Wameniita, anasema. Wazungu wameniita. Angel akajaribu kumwambia kwamba baba, ile ni mashine, inawatumia wote walioacha kitu, haikujui. Akamjibu kwamba hata muuza viazi anawaita wote, anayejua kusubiri ndiye anayefaidi.

Wote wakadhani sasa atanunua. Wapi. Ukiitwa mara ya kwanza hugeuki, akatufundisha. Ukigeuka mara ya kwanza umejionyesha njaa. Unatembea hatua kidogo tena, unaangalia bidhaa ya jirani, ndipo anakuja na bei yenyewe.

Na ikaja. Mwezi wa sita lile duka likafungua punguzo kubwa la msimu, mchezo wa malori ukashuka hadi nusu. Nusu, jamani. Bei zile zile walizopewa waliokumbukwa. Angel akashika simu tayari kulipa, akamwangalia baba yake. Baba yake akatingisha kidole. Bado, akasema. Anakuja huyo. Ameshuka mpaka nusu bila mimi kufungua mdomo, je nikinyamaza wiki nyingine? Chumba hapo nyuma yake kimejaa vumbi, kompyuta zimefunikwa kitenge kama maiti, Sabasaba inabisha hodi, na yeye anakunja mikono anangoja wazungu walie.

Violet alimwambia mara moja tu. Alimwambia Baba Angel, nunua, watu wanataka kucheza. Akamjibu kwamba mwanamke hajui soko. Mwanamke huyo amelisha madereva wa nchi sita kwa miaka na hajawahi kurudi nyumbani na sufuria yenye hasara. Alimwangalia, akamimina chai, akaondoka.

Jumapili moja tunatoka kanisani simu yake ikalia. Ujumbe: saa za mwisho za punguzo. Alinionyesha pale pale kwenye ngazi za kanisa, uso unang'aa, akaniambia huyo sasa ndiye anayekimbia nyuma yangu na mfuko wa plastiki mkononi. Akasema kila muuzaji Tunduma husema hiyo ndiyo ya mwisho, na hakuna hata mmoja ambaye ilikuwa ya mwisho. Akaizima simu ili asije akajisahau akajibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilimwambia. Akasema lake halina shida.

Jumatatu akaiwasha. Dola ishirini.

Sijawahi kuona mtu akidhulumiwa na kitu asichokinunua. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nje ya chumba akawa anaongea peke yake. Na hapa lazima niwe mkweli hata kama simpendi: kwa sheria za kwetu alikuwa na haki. Sokoni kwetu bei ikishateremka kwa mteja, haimpandii tena yuleyule. Ukimwambia mtu kumi halafu ukamwambia kumi na tano, wenzako wenyewe watakuzomea, watasema una roho mbaya. Ferdinand alingoja dunia nzima imzomee yule muuzaji. Akamwomba Angel aandike barua ya Kiingereza kuwakumbusha kwamba walishataja nusu. Angel akaandika. Wakajibu kwa heshima sana, kwa jina lake kamili, wakimshukuru kwa kuwasiliana nao na kumtakia siku njema.

Sabasaba ikafika. Asubuhi hiyo Ferdinand alivuka kwenda kunyoa, maana hakutaka kuwepo kompyuta zikitolewa. Alikaa kwa Rubeni mpaka adhuhuri. Aliporudi, kichwa kina ngazi kama kawaida, akasikia kelele tangu kwenye kona. Chumba kimejaa. Madereva wamekaa, wengine wamesimama nyuma ya viti na sahani za wali mikononi, Edson anashusha lori mlimani kwenye mvua ya uongo na jasho la kweli linamtoka. Mtandao ulikuwa umekatika tangu alfajiri, pande zote mbili za mpaka, na hakuna aliyejua wala kujali. Seng'enge imekatwa, pedi ziko huru juu ya meza. Mlangoni Violet ameandika kwa chaki bei ya saa moja, moja tu, ya mwenye kandambili na ya mwenye kiatu kilichochongoka.

Mwanaume alisimama katikati ya chumba alichodhani amekipoteza, chumba kimepona, mkewe amekiponya. Mtu mwingine angesema asante.

"Umenunua kwa bei gani?" akauliza.

Violet akamwambia akale kwanza. Akauliza tena. Angel, bila kujua anachomfanyia baba yake, akasema wamenunua mitatu, kwa kuwa mashine ni tatu na mama hakutaka kula jasho la mtu asiyemjua. Ferdinand akashika ukuta. Kitu kisicho na kufuli, ambacho ungenunua kimoja ukanakili mpaka uchoke, mkewe amekinunua mara tatu. Na bei hajui.

Mpaka leo hajui. Huenda Violet alinunua ile Jumapili, wakati mumewe amezima simu kwa ujanja. Huenda alinunua Jumatatu kwa dola kamili kama Mmarekani, mara tatu, bila kuondoka hata hatua moja. Ferdinand amemhonga Angel soda, Angel amekunywa na hakusema. Amenijia mimi hadi nyumbani, akaniita dada badala ya shemeji, nikajua anaumwa kweli. Mimi najua, nilikuwepo. Sisemi kwake na sisemi kwako, maana na wewe una mdomo. Anateseka, namwona. Anakaa mbele ya chumba kinachojaa kila siku na hana cha kumsimulia fundi baiskeli, kwa kuwa kwake kitu ambacho hujui kilishuka kutoka wapi hadi wapi ni kama hakipo.

Juzi mchana aliingia mwenyewe. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Akasema na yeye anataka kujaribu hilo lori linalowatoa watu jasho. Violet akanyoosha mkono, akamwonyesha chaki mlangoni. Ferdinand akacheka, akasema yeye ni mwenye nyumba. Violet akamkumbusha kwamba mwenye nyumba alizikwa Hasamba. Basi akataja nusu. Madereva wakageuka, hata Edson akasimamisha lori lake. Violet akatikisa kichwa. Ferdinand akaongeza kidogo juu ya nusu, akasema hiyo ndiyo ya mwisho. Violet akatikisa kichwa.

Akavaa kofia yake. Akatoka.

Alitoka polepole, mikono nyuma, akaifuata foleni ya malori anakagua matairi ya watu kushoto na kulia. Angel akainuka, mdomo umeshafunguka kumwita, mama yake akamshika mkono.

"Siku ile ni baba aliyemwita," Violet akasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anapangusa meza. Nikaona sasa kwamba miaka yote hii nilidhani mimi ndiye niliyeikumbuka ile siku ya Hasamba, kumbe mimi nilikuwa naisimulia tu.

Kule nje Ferdinand alifika kwenye lori la mwisho akasimama. Hakugeuka, mtu hageuki. Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akaitoa tena.

Kiti Violet alikuwa ameshampa mtu mwingine.